Barua moja, maswali matatu ya tarehe

Barua ilirudi na maswali matatu. Haikukataliwa. Ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha Marekani ilikuwa imeisoma yote, ikamwona mwombaji anafaa, ila ilitaka afafanue mambo matatu kabla faili lake halijasogea mbele. Yote matatu yalihusu tarehe.

Mwombaji huyo nilimfundisha Kiingereza miaka kadhaa iliyopita. Alinipigia simu jioni ile ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema, ila nimekwama. Barua yangu ina makosa ya tarehe. Nadhani ni yale yale ya 'in' na 'on' uliyokuwa ukinisahihisha kila siku."

Nikamwambia anitumie barua na maswali ya chuo, asibadilishe hata nukta. Kipande chenyewe, kama alivyokiandika Mei 2022, ni hiki:

"I was born in 6th of July 1996. I finished my diploma on November 2018 and I started work in Monday the 14th January 2019. I am working there from 2019. On last March I was promoted. I filled the form dated on 02/05/2022 and I sent it in the night of 4 May. I will send the two recommendation letters until June 24. I know that the course starts at September 7 and that my leave is between August 1 to August 31."

Hakuna sentensi hata moja iliyopita salama. Na chuo kiliuliza nini? Kwanza, fomu inaonyesha imejazwa Februari 5, ilhali fomu za mwaka huo zilianza kutolewa Aprili, imepatikana wapi? Pili, unasema uliituma usiku wa Mei 4, lakini sisi tunayo iliyoingia Mei 3. Kuna fomu nyingine? Tatu, unasema utatuma barua za mapendekezo "until June 24". Zinakuja mbili tu, au utaendelea kutuma nyingine mpaka siku hiyo?

Soma tena maswali hayo. Hakuna aliyeuliza alizaliwa lini, wala alimaliza lini diploma. Ile "in" ya Julai na ile "on" ya Novemba, makosa yaliyomtia hofu, msomaji aliyaona akayapita. Yaliyomsimamisha ni mengine, na nitayafikia. Lakini nilianza na haya ya kwanza, kwa sababu kijana alikuwa amekariri kanuni bila kujua inatoka wapi. Kanuni isiyo na sababu hupotea mara mtu anapoandika kwa haraka.

Sababu imo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tukitaja wakati, tunautanguliza kwa jina la aina yake: tarehe 6, siku ya Jumatatu, mwezi wa Novemba, mwaka 2019, saa kumi. Jina hilo likishakaa pale, hatuhitaji kingine. "Nilizaliwa tarehe 6 Julai." Kati ya kitenzi na tarehe hakuna kitu, na hakuna pengo. Kiingereza kimeyaacha majina hayo nje, na kazi yake kimeikabidhi kihusishi, yaani kijineno kama "in", "on" au "at". Panapokaa "tarehe" au "siku" kwetu, wao huweka "on". Panapokaa "mwezi", "mwaka" au "karne", huweka "in". Panapokaa "saa", huweka "at". Basi nikamwambia: kabla hujaandika, isome sentensi yako kwa Kiswahili kamili, bila kufupisha, usikie ni jina gani limekuja kwanza.

"Nilizaliwa tarehe sita mwezi wa Julai mwaka 1996," akasema.

"Limekuja lipi kwanza?"

"Tarehe."

"Basi ni 'on'."

Kilichompoteza ni kwamba tarehe hiyo ina mwezi na mwaka pia. Alipoona Julai na 1996 akakumbuka "in". Lakini siku ikishaingia, hata ikifuatwa na mwezi, mwaka na karne, yenyewe ndiyo inayotawala: "on July 6, 1996". Iondoe siku, mwezi unashika usukani: "in July 1996". Ndiyo maana "on November 2018" haisimami. Hakuna siku mle ndani. Hili kosa la pili ndilo ninalokutana nalo zaidi katika wasifu wa watu wanaoomba kazi, hata walioandika Kiingereza kizuri kurasa nzima.

"At September 7" ilitoka kwenye "starts at 8", ambayo ni saa. Kitenzi ni kile kile, kwa hiyo mkono ukaenda kwenye "at" kwa mazoea. Kihusishi hapa kinafuata aina ya wakati, si kitenzi. Kozi inaanza "at" saa fulani, "on" siku fulani, "in" mwezi fulani, na kitenzi "starts" hakina kauli katika hilo.

Halafu kuna maneno yanayokataa kihusishi kabisa. "Last", "next", "this" na "every" zikitangulia siku, mwezi au mwaka, "on" na "in" huondoka. "Last March", "next Friday", "every Monday". Maneno haya yakishakaa mbele, kipande kizima hufanya kazi kama "jana" na "kesho", na Kiingereza sanifu hakiweki "on" mbele ya "yesterday". Hata hivyo sikumwachia "last March". Barua imeandikwa Mei. Mwingine ataelewa ni Machi iliyopita juzi hapa, mwingine ataelewa ni ile ya mwaka jana. Kwenye barua rasmi taja mwaka, mambo yaishe: "in March 2022". Na "dated on"? "Dated" imeshabeba maana yote ya kuwa na tarehe. "A form dated May 2", basi.

Sasa hii "the". Katika barua moja aliiacha mahali inapotakiwa ("in 6th of July") na akaiweka mahali isipotakiwa ("the 14th January"). Ukimwambia tu kwamba amekosea hapa na hapa, kesho atageuza. Inabidi aone neno lililofichwa.

Neno hilo ni "day". "The 6th of July" ni ufupisho wa "the 6th day of July", siku ya sita ya Julai. Hati za kisheria bado zinaliandika kikamilifu: "this 6th day of July". "The" ni ya hiyo siku, na "of" ndiyo inayoiunganisha na mwezi, kama "ya" yetu katika "siku ya sita ya Julai". Kwa hiyo hizi mbili ni pacha. Katika maandishi, ukiandika moja, andika na ya pili: "on the 6th of July". Ukiiacha moja, acha zote: "on 6 July", au kwa mtindo wa Marekani "on July 6". Barua yake ilikuwa na nusu ya huku na nusu ya kule, mara mbili, kwa pande tofauti.

Na kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Mwingereza huandika "14 January", lakini akisoma kwa sauti husema "the fourteenth of January", akiyarudisha maneno ambayo hayamo kwenye karatasi. Mmarekani huandika "January 14" na kusoma "January fourteenth", akitamka mwisho wa "th" ambao hakuuandika. Mtu aliyejifunza lugha kwa sikio ataandika alichosikia, au nusu ya alichosikia. Miongozo mingi ya uandishi ya Marekani hupendelea namba tupu mwezi unapotangulia: "January 14", si "January 14th". Namba ikisimama peke yake bila mwezi ndipo "the" na "th" zinakuwa lazima: "on the 14th". Muongo nao una "the" yake, "in the 1990s", na hauna ritifaa (alama ya ') kabla ya "s".

Azimio la Uhuru wa Marekani lina kichwa kinachoanza "In Congress, July 4, 1776", na nimewahi kuona mwanafunzi akikitumia kama ushahidi kwamba "in" inaruhusiwa na tarehe. "In" ile ni ya Congress, yaani barazani. Tarehe imeachwa tupu. Sikukuu inayotokana na siku hiyo ndiyo iliyobaki na umbo la zamani, "the Fourth of July", "the" na "of" zikiwa pamoja kama kawaida yao.

Siku ya juma ikiongozana na tarehe, "on" moja inatosha: "on Monday, January 14, 2019". Wamarekani huweka mkato baada ya siku, baada ya namba, na hata baada ya mwaka sentensi ikiendelea. Waingereza huandika "on Monday 14 January 2019" bila mkato. Mitindo yote miwili ni sahihi; kuichanganya ndiko kunakochosha msomaji, na kijana alikuwa na "4 May" na "June 24" katika mistari miwili inayofuatana. Barua inakwenda Marekani, tukachagua ya Marekani mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo nikamwambia tuache "in" na "on", twende kwenye maswali ya chuo.

La fomu halikuwa la kihusishi, ila lilizaliwa na tabia ile ile ya kuifupisha tarehe. Aliandika 02/05/2022 akimaanisha Mei 2. Msomaji wa Marekani husoma mwezi kwanza, akaona Februari 5. Tarehe zote za kuanzia 1 hadi 12 za kila mwezi zina mtego huu: ni siku 144 kwa mwaka, na ukiondoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, zinabaki 132 zinazosomeka kwa namna mbili. Angeijaza tarehe 13 au baadaye, hakuna ambaye angeuliza, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Upo utaratibu wa kimataifa, ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza 1988, unaoandika mwaka, mwezi, kisha siku: 2022-05-02. Unafaa sana kwa majina ya mafaili na majedwali. Ndani ya sentensi, andika jina la mwezi kwa herufi. Mikwaju ile miwili inaokoa sekunde chache tu, na hapa iligeuza fomu halali kuwa fomu ya kutiliwa shaka.

Swali la pili lilinigusa zaidi, maana hapa hakukosea Kiswahili chake hata kidogo. Mwanzoni nilidhani ni tofauti ya saa kati ya alipo yeye na kilipo chuo. Nikamuuliza aliituma lini hasa.

"Usiku wa kuamkia tarehe 4, Mwalimu. Saa nne hivi, Jumanne."

Saa nne usiku, Jumanne, tarehe 3. Kwetu usiku unaweza kuhesabiwa kwa siku unayoiendea. "Usiku wa kuamkia Jumatano" ni usemi wa kawaida unaoondoa utata wote. Kiingereza kinauacha usiku kwa siku iliyotangulia: usiku huo ni wa Mei 3. Alipolitupa neno "kuamkia" kwa kukosa pa kuliweka, tarehe ikasogea siku nzima. Kihusishi nacho kinabadilika hapa. Tunasema "in the morning" na "at night" tukizungumzia wakati wowote wa aina hiyo. Lakini sehemu ya siku ikifungwa kwenye siku maalumu, ile siku inatawala tena na "on" inarudi: "on Tuesday night", "on the morning of May 3", "on the night of May 3". Hiyo "the" ni lazima, kwa sababu ni usiku mmoja unaojulikana.

Nimefika kwenye "until", na hapa ndipo ningependa kila anayeandika barua ya kazi kwa Kiingereza atulie.

Neno letu "hadi", na ndugu yake "mpaka", lina mikono miwili. "Nitasubiri hadi Ijumaa": kusubiri kunaendelea, Ijumaa kunakoma. "Hadi Ijumaa nitakuwa nimelipa": malipo ni tendo moja, litatokea wakati wowote kabla Ijumaa haijapita. Kiswahili kinatosheka na neno moja kwa sababu kitenzi chenyewe kinabeba tofauti hiyo. Ile "nitakuwa nimelipa" imeshasema yote. Kiingereza kimegawa mikono hiyo. Kinachoendelea kinachukua "until". Kinachokamilika mara moja kabla ya kikomo kinachukua "by".

Alipoandika "I will send the letters until June 24", alisema, kwa masikio ya msomaji wake, kwamba atakuwa akituma barua, na nyingine, na nyingine, mpaka Juni 24 atakapoacha. Swali la chuo halikuwa la kejeli. Walijibu kile walichokisoma.

Nikampa jaribio: kinyooshe kitenzi. Kukaa, kusubiri, kufanya kazi, kuwa wazi kwa ofisi, vyote vinanyooka. Unaweza kuvifanya mfululizo kwa siku kumi. Hivyo ni vya "until". Kutuma barua mbili, kulipa deni, kurudisha fomu, kumaliza ripoti, havinyooki. Vinatokea na kwisha. Hivyo ni vya "by". "You can stay until Friday" ni ruhusa ya kukaa. "You must leave by Friday" ni amri ya kuondoka kabla siku haijaisha. Kama jaribio linakutatiza, badili Kiswahili chako kwanza: weka "kufikia" mahali pa "hadi". "Nitazituma kufikia Juni 24" inasikika sawa, basi ni "by". "Nitasubiri kufikia Juni 24" inakwaruza sikio, basi ni "until".

Akaniuliza, "Na nikisema 'I will not send them until June 24'?"

Swali zuri mno, kwa sababu ukanushi unageuza mambo. Hiyo maana yake ni kwamba kabla ya Juni 24 hatatuma chochote, na siku hiyo ndiyo atakapotuma. Mtu anaweza kuiandika akidhani anaomba muda kidogo, kumbe ametangaza atangoja siku ya mwisho.

"From 2019" na "between August 1 to August 31" ni watoto wa ukoo huo huo, ila hazikuzaa swali. "Tangu" yetu inakubali wakati uliopo, "nafanya kazi pale tangu 2019", lakini Kiingereza kinataka "since" pamoja na kitenzi kinachoonyesha kazi imeanza zamani na bado ipo: "I have worked there since 2019". Na "between" hukaa na "and", "from" hukaa na "to". Kwa msomaji wa Marekani kuna "through", ambayo hutaja wazi kwamba siku ya mwisho imo: "from August 1 through August 31". Niliichagua hiyo.

Nakiri kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kuiogopa "in" kuliko "until". Miaka yote nilitumia wino mwekundu kwenye vihusishi vinavyoonekana kwa haraka, kwa sababu ni rahisi kuvisahihisha, na sikumbuki kama nilimpa hata zoezi moja la "by". Bado nataka "on July 6" iandikwe vizuri. Barua inayoshindana na nyingine mia haipaswi kuwa na madoa. Ila doa linachafua tu. "Until" mahali pa "by" inabadilisha ahadi.

Tuliandika upya pamoja, yeye akiandika, mimi nikisikiliza kwenye simu:

"I was born on July 6, 1996. I finished my diploma in November 2018 and started work on Monday, January 14, 2019. I have worked there since then. In March 2022 I was promoted. The form I sent you is dated May 2, 2022, and I sent it on the night of May 3. I will send the two recommendation letters by June 24. I know that the course starts on September 7. My leave runs from August 1 through August 31."

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Walishukuru kwa ufafanuzi, wakasema barua za mapendekezo zifike "by 5 p.m. on Friday, June 24". Akanitumia mstari huo na swali moja chini yake: "Mwalimu, hiyo 24 yenyewe imo au haimo?"

Imo. Kwa kawaida "by June 24" inaihesabu siku hiyo, wakati "before June 24" inaiacha nje. Lakini hata wenye lugha huibishania, ndiyo maana mikataba huandika "on or before June 24" au "no later than June 24". Hapa waliweka saa, kwa hiyo ubishi haupo: saa kumi na moja jioni, kwa saa za kule chuoni. Nikamwonyesha pia mpangilio wao, saa ikitangulia siku, kila kimoja na kihusishi chake: "5 p.m." imeshachukuliwa na "by", na "on" imebaki kwa Ijumaa.

Ujumbe wake uliofuata kwenda chuoni alininakilia. Ulikuwa mstari mmoja: "I sent both letters on June 17."